Mtafiti wa mbinu za majaribio ya tiba hutafiti nini, na anaweza kuwa Mpemba?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa Wete, nina shahada ya kwanza ya hisabati na takwimu. Sasa ni karani wa data katika mradi mmoja wa utafiti wa afya hapa Pemba. Daktari mmoja pale kazini kaniambia kuwa mwanatakwimu huitwa mwisho, "kupiga p" tu (kukokotoa ile namba inayoonesha kama tofauti iliyoonekana ingeweza kuwa ya bahati tu), kisha kazi yake imekwisha. Lakini nimesoma kuwa wako watu ambao maisha yao yote wanatafiti mbinu zenyewe za majaribio ya tiba. Wanatafiti nini khasa? Na mtu wa huku anaweza, au mpaka ahamie Ulaya? Baba anataka niombe ualimu, kazi ya uhakika.

Jibu: Marahaba mwanangu. Daktari wako hakukutania. Ndivyo anavyoyaona mambo, na miradi mingi bado inaendeshwa hivyo. Lakini jaribio ambalo mwanatakwimu wake ameitwa mwisho huwa aghalabu limeshaharibika kabla ya chupa ya kwanza ya dawa kufunguliwa, na hakuna hesabu ya kulifufua. Watu wangapi waingizwe, wagawanywe vipi, nani ajue nani kapewa nini, kitu gani kihesabiwe kuwa ndiyo matokeo, na lini mtu aruhusiwe kuchungulia: yote hayo huamuliwa katika andiko la utafiti, yaani mpango unaoandikwa kabla ya jaribio kuanza, na huko ndiko kazi yetu iliko. Kupiga p ni kazi ya mchana mmoja.

Tutenganishe kwanza kazi mbili. Mwanatakwimu wa jaribio hulihudumia jaribio moja tangu linapoandikwa mpaka linapochapishwa. Mtafiti wa mbinu huyatazama majaribio mengi na kuuliza kama namna tunavyoyapanga na kuyachambua inatupa jibu la kweli. Anachokichunguza yeye ni mbinu, si dawa. Watu wengi hufanya kazi zote mbili, na mimi binafsi simwamini sana anayefanya ya pili bila kuwahi kuifanya ya kwanza, kwa sababu maswali ya mbinu hutoka kwenye majaribio yaliyokwama, au yaliyotoa jibu ambalo hakuna aliyelitarajia. Na kwa majaribio ya aina hiyo, Pemba ni tajiri kuliko wenyewe tunavyojua.

Chukua jaribio la madini chuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ushauri wa kimataifa ulikuwa watoto wadogo wa nchi zenye upungufu mkubwa wa damu wapewe madini chuma na asidi ya foliki kama kinga, bila kuwapima kwanza. Hapa Pemba likafanyika jaribio la kuona kama hilo litapunguza vifo. Watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 waligawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu: wa madini chuma na asidi ya foliki, wa hayo pamoja na zinki, na wa dawa bandia. Agosti 2003 kamati huru ya usalama wa data ikashauri makundi mawili yenye madini chuma yasimamishwe. Matokeo yalichapishwa 2006 katika jarida la The Lancet: watoto waliopewa madini chuma walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa hospitali kwa maradhi mazito. Mipaka ya uhakika, yaani eneo ambamo tunaamini jibu la kweli limo, ilikwenda kutoka asilimia 2 hadi asilimia 23.

Jiweke mahali pa mwanatakwimu anayeandaa ripoti ya kamati kama ile. Yeye peke yake anajua kundi lipi ni lipi. Wauguzi hawajui, mtafiti mkuu hajui, wafadhili hawajui. Anaona maradhi yanaelemea upande mmoja. Aseme leo, au asubiri? Akisema mapema na ikawa ni bahati tu, ameua jaribio lililogharimu mamilioni, na dunia inabaki bila jibu. Akisubiri, watoto wanaumia. Na kila anapochungulia data anajipa nafasi nyingine ya kudanganyika: ukiangalia mara tano, kila mara kwa kiwango kile kile cha asilimia 5 (yaani kukubali kudanganywa na bahati mara tano katika mia), nafasi yako ya kuona tofauti ambayo haipo inapanda hadi karibu asilimia 14.

Hilo ni swali la mbinu, na wako watu waliolijengea maisha yao. Mwanatakwimu Stuart Pocock mwaka 1977 alipendekeza kiwango kimoja kikali zaidi kitumike kila unapochungulia. Miaka miwili baadaye Peter O'Brien na Thomas Fleming wakasema hapana, kiwango kiwe kikali mno mwanzoni na kilegee kadiri jaribio linavyokaribia mwisho. Gordon Lan na David DeMets mwaka 1983 wakaonesha kuwa hata idadi ya machungulio huna haja ya kuipanga mapema. Unachopanga ni namna utakavyoitumia ile asilimia 5 yako kidogo kidogo. Mimi niko upande wa O'Brien na Fleming kwa kuthibitisha faida. Kwa kuthibitisha madhara siko upande wa yeyote kati yao. Mzazi aliyekukabidhi mwanawe mzima hakukubali usubiri ushahidi wa kiwango kile kile ili ujue kama unamdhuru. Wenzangu wengine wanabisha, na ubishi huo bado unaandikiwa makala.

Jaribio lile halikuishia hapo. Mwenzake lilifanyika Nepal, mahali ambapo malaria ni haba, na kule madini chuma hayakuonekana kudhuru. Halafu ndani ya Pemba yenyewe kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu mwanzoni. Katika hao, wale waliokuwa na upungufu wa madini chuma walionekana kunufaika. Watu wengi walirukia hapo: kumbe ni kupima kwanza, kisha kumpa anayehitaji! Msomaji makini anasita. Watoto wa kundi lile dogo walifuatiliwa na kutibiwa malaria kwa karibu zaidi kuliko wenzao. Je, kilichowakinga ni upungufu wao wa madini chuma, au ni huduma? Kundi dogo ndani ya jaribio kubwa si jaribio dogo. Lina masharti yake, na kuyajua masharti hayo ni tawi zima la utafiti wetu. Ushauri wa dunia ulibadilika kwa sababu ya Pemba: kwanza ukawa wa tahadhari, kisha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 ukasema katika maeneo ya malaria madini chuma yatolewe pamoja na kinga na tiba ya malaria. Ukikutana tena na daktari wako, muulize hiyo p ilipigwa siku gani.

Jaribio la pili linakuhusu zaidi, kwa sababu huenda fomu za shehia, yaani mitaa na vijiji vilivyo chini ya sheha, umeziona kwa macho yako. ZEST ulikuwa utafiti wa kutokomeza kichocho Zanzibar, ulioanza kati ya 2011 na 2012 na kumalizika 2017. Kilichogawanywa kwa bahati nasibu hapo ni shehia 90, 45 za Unguja na 45 za Pemba. Shehia zote zilipata dawa ya prazikwanteli kwa watu wote mara mbili kwa mwaka. Theluthi moja ziliongezewa kuua konokono kwenye maji, na theluthi nyengine zikaongezewa elimu ya kubadili tabia. Kwa nini shehia? Kwa sababu huwezi kuua konokono wa kijito kwa ajili ya Ali halafu ukamwachia Juma wale wake.

Ukigawa shehia badala ya watu, hesabu inageuka. Fanya hii kwa kalamu, usiiache kwenye kompyuta. Tuseme unaweza kupima watoto 1,000. Mpango wa kwanza ni shehia 20, watoto 50 kila shehia. Wa pili ni shehia 50, watoto 20 kila moja. Watoto wa shehia moja hufanana: wanaoga kijito kimoja, wanasoma skuli moja, dawa wamepewa na mtu mmoja. Kiwango cha kufanana huko tukiweke 0.05, ambacho ukikitazama unakiona ni kidogo. Toa 1 kwenye idadi ya watoto wa shehia, zidisha kwa 0.05, jumlisha 1. Mpango wa kwanza unakupa 3.45, wa pili 1.95. Sasa gawa 1,000 kwa namba hizo. Watoto wako 1,000 wa mpango wa kwanza wana uzito wa watoto 290. Wa mpango wa pili wana uzito wa 513. Choo ni kile kile, mkojo ni ule ule, gharama ya maabara haijabadilika. Na linalowashangaza wengi ni kuwa katika shehia zile 20, hata ukipima kila mtoto mpaka uwamalize, hutovuka uzito wa watoto 400, maana 20 ukigawa kwa 0.05 ni 400. Kuongeza watoto hakusaidii. Kinachosaidia ni shehia.

Mpaka hapo ni somo la darasani. Mtafiti wa mbinu anaanzia pale darasa linapokomea. Mtoto wa shehia hii anasoma chuo cha Kurani shehia ya pili na kuoga kijito cha shehia ya tatu. Sheha anaujua mpaka, mtoto haujui. Kwa hiyo kinga ya shehia moja inavuja kwenda nyengine, na tofauti kati ya makundi inapungua bila ya dawa wala elimu kuwa na kosa. Utaupima vipi uvujaji huo? Utaacha nafasi kiasi gani baina ya shehia katika kisiwa chembamba kama chetu? Matokeo ya ZEST yalipotolewa 2019, kichocho kilikuwa kimepungua katika makundi yote matatu, na hakukuwa na tofauti ya wazi baina yao. Wapo waliosoma kuwa kuua konokono ni kazi bure. Mimi sisomi hivyo. Maambukizi yalikuwa yameshashuka tangu mwanzo, na yakishuka zaidi kila mahali, nafasi ya kundi moja kulishinda jengine inakwisha. "Hatukuona tofauti" na "hakuna tofauti" ni maneno mawili mbalimbali, na kosa la kuyachanganya bado nalikuta kwenye ripoti za wasomi wakubwa.

Uchache wa shehia nao una mashaka yake. Mwaka 2016 Zanzibar ilifanya jaribio la kugawa dawa ya malaria kwa watu wote katika shehia 16, nane zikapewa, nane zikabaki kuwa za kulinganisha. Kanuni nyingi za kawaida za kukadiria kosa zinadhania una makundi mengi. Ukiwa na 16 zinakudanganya, zinakupa uhakika usiokuwa nao. Njia moja ya kujinasua ni kurudi kwenye bahati nasibu yenyewe: kuna namna 12,870 za kugawa shehia 16 nane kwa nane, basi uliza tofauti uliyoiona ingetokea katika ngapi kati ya hizo. Ni njia safi. Lakini ukiwa na shehia 6, tatu kwa tatu, namna ni 20 tu, na matokeo yawe mazuri vipi, ukipima pande zote mbili p yako haiwezi kushuka chini ya 0.1. Mtu akikuletea mpango wa shehia sita, hiyo ndiyo siku ya kusema, si siku ya kupiga p.

Umeniuliza tunatafiti vipi. Karakana yetu ni kompyuta. Unaumba Pemba ya ndani ya mashine: unaamua wewe kuwa ina shehia 16, watoto wanafanana kwa kiwango fulani, na dawa inapunguza maradhi kwa asilimia 30 kamili. Hapo ukweli unaujua, kitu ambacho katika Pemba hii ya karafuu hukipati kamwe. Kisha unaiamuru mashine itengeneze majaribio 1,000 ya uongo kutoka kisiwa hicho, na kila moja unalichambua kwa mbinu ya zamani na mbinu mpya. Mipaka ya uhakika ya asilimia 95 ikiwa inasema kweli, ile asilimia 30 itaangukia ndani yake karibu mara 950. Ikiangukia mara 890, mbinu hiyo ni mwongo, hata kama imechapishwa na profesa. Majaribio 1,000 yana mtikisiko wake pia, kama asilimia 0.7 hivi, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa 945. Programu ya takwimu iitwayo R inafanya yote haya na hailipiwi. Kompyuta yako ya mkononi inatosha, na umeme ukikatika utaendelea ulipoishia ikiwa umeiandika programu yako ihifadhi kila hatua.

Kazi hii ya kuumba kisiwa ndiyo inayomtaka mtu wa Pemba. Msimu wa karafuu ukipamba moto, familia zinahamia mashambani na watoto wao. Wavuvi wa kisiwa cha Kojani wanakwenda dago, kambi za uvuvi za mbali, miezi hawaonekani. Katika daftari la jaribio wote hao wanaandikwa "amepotea". Mchambuzi aliyeko mbali anazikuta nafasi tupu na kudhania zimetokea ovyo ovyo. Hazikutokea ovyo. Aliyekwenda dago ni mtu mwenye nguvu za kuvuta nyavu. Aliyebaki nyumbani huenda ndiye mgonjwa. Ukiwatupa waliopotea na kuchambua waliobaki, umelinganisha watu wengine kabisa. Ziko mbinu za kuzijaza nafasi hizo kwa makisio, mara nyingi na kwa namna tofauti, ili uone jibu linatikisika kiasi gani. Lakini mbinu hizo zinakula maarifa. Lazima mtu aziambie kwa nini nafasi ni tupu, na mtu huyo hawezi kuwa anayeijua Kojani kwa ramani.

Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa takwimu za majaribio ya tiba, ule uitwao E9, uliongezewa sehemu inayolazimisha andiko liseme mapema: unataka kujua athari ya dawa kwa wote waliopangiwa, wakiwemo walioiacha, au athari ambayo ingeonekana lau wasingeiacha? Hayo ni maswali mawili na yana majibu mawili. Kwetu yanakuja na sura zetu. Mtu anayefunga Ramadhani akasogeza dozi ya mchana mpaka baada ya futari, huyo ameacha dawa au ameitumia? Sijaona andiko linalolijibu hilo vizuri. Likikukalia moyoni, una mada ya uzamili hapo.

Kuna na suala la nini kihesabiwe. Katika kipimo cha Kato-Katz, cha kutafuta mayai ya minyoo kwenye choo, kijiko kimoja cha choo kina miligramu 41.7, kwa hiyo mayai unayoyahesabu unayazidisha kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Mtoto mwenye mayai machache anaweza kuonekana hana, akaandikwa "amepona" wakati minyoo ingali tumboni. Jaribio lililofanywa katika skuli za Mchangamdogo na Shungi na kuchapishwa 2014 lilionesha kuwa albendazoli peke yake iliponya minyoo mjeledi kwa asilimia 2.6 tu ya watoto, na ikichanganywa na oksanteli pamoati ikafika asilimia 31.2. Tofauti hiyo haina ubishi. Ubishi uko kwenye kupungua kwa mayai: watoto wachache hubeba mayai mengi mno, na aina ya wastani utakayoichagua inaweza kugeuza hadithi.

Na jengine la karibu na kwenu. Jaribio la kupaka kitovu cha mtoto mchanga klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, lililofanyika Pemba na kuchapishwa 2016, lilihusu watoto karibu 37,000. Nepal, Bangladesh na Pakistan dawa hiyo ilikuwa imepunguza vifo. Pemba vifo vilikuwa karibu 11 kwa kila watoto 1,000, na tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo, isiyothibitika. Kadiri vifo vinavyokuwa vichache, Alhamdulillahi, ndivyo jaribio linavyohitaji watoto wengi zaidi kuthibitisha chochote. Je, inaruhusiwa kuongeza idadi katikati ya safari bila kufungua siri ya makundi? Inaruhusiwa, kwa masharti, na masharti hayo yalihitaji watafiti wa mbinu kuyapata.

Kuhusu maisha ya kazi, nitakupa mfano wa mtu mmoja ambaye njia yake imeandikwa wazi. Richard Hayes ni mwanatakwimu wa chuo cha afya na tiba ya kitropiki cha London. Alikuwa katika timu ya jaribio la Mwanza lililotolewa 1995: jamii 12, zilizopangwa jozi sita, ambapo kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Jamii 12 ni chache. Mwaka 1999 yeye na Steve Bennett wakachapisha kanuni rahisi za kukadiria ukubwa wa majaribio ya aina hiyo, kanuni ambazo hadi leo wanafunzi wangu wanazitumia. Miaka ishirini baada ya hapo alikuwa miongoni mwa viongozi wa PopART, jaribio la kuzuia VVU katika jamii 21 za Zambia na Afrika Kusini. Swali lilimkuta kando ya Ziwa Victoria, akalifuata maisha yake yote. Ndivyo taaluma hii inavyokwenda, na hakuna kinachozuia swali limkute mtu Micheweni.

Au tazama njia iliyopita upande wa pili. Mbinu ya kujaribu dawa nyingi kwa pamoja na kuziondoa dhaifu katikati ya jaribio ilikuzwa Uingereza na akina Patrick Royston na Mahesh Parmar, kwa ajili ya saratani; jaribio lao la saratani ya tezi dume, STAMPEDE, lilianza 2005. Ikaja ikatumika kwa kifua kikuu Tanzania na Afrika Kusini, wagonjwa 365, matokeo 2017. Baadhi ya makundi yalisimamishwa njiani, na dozi kubwa ya rifampisini ikaonekana kusafisha makohozi haraka zaidi. Wanatakwimu wa huku walioiendesha wamejua mambo kuhusu mbinu hiyo ambayo walioibuni hawakuyapata wakikaa mezani.

Sasa wewe. Shahada yako ya hisabati ni mtaji mzuri kuliko unavyodhani. Madaktari wengi wanaojifunza takwimu ukubwani hukwama pale pale ambapo wewe unapita. Shahada ya pili unaweza kuisomea Muhimbili au Moshi, ambako utapata epidemiolojia (elimu ya kuenea kwa maradhi) nyingi pamoja na takwimu. Ukitaka takwimu tupu, iko Witwatersrand ya Afrika Kusini, iko Hasselt ya Ubelgiji, iko London, na ufadhili wa Jumuiya ya Madola na wa Wabelgiji umewasomesha Watanzania wengi. Popote uendapo, usikimbie somo la nadharia ya makadirio kwa kuogopa alama. Programu za kompyuta hubadilika, nadharia hubaki. Ya tatu, ya udaktari wa falsafa, usiiombe kabla hujakaa kwenye jaribio zima, kutoka andiko mpaka kufunga data.

Kuhama si lazima, kuondoka kwa muda ni lazima. Nasema wazi kwa sababu wapo watakaokwambia kila kitu kiko mtandaoni. Huu ni ufundi. Unahitaji kukaa na mtu anayeukosoa mpango wako kila wiki. Lakini maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi iko tangu 2000, SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, ipo, Taasisi ya Utafiti wa Afya ipo, na kwa kuwa afya si jambo la Muungano, andiko lolote la jaribio la hapa hupita kwenye kamati ya maadili ya Zanzibar yenyewe. Kamati ya namna hiyo inamhitaji mtu anayeweza kusoma aya ya ukubwa wa sampuli (idadi ya watu watakaoingizwa) na kusema "hapana, rudini." Hiyo nayo ni kazi ya mtaalamu wa mbinu, ingawa haichapishwi popote.

Tahadhari moja. Mara nyingi data hukusanywa huku na makala ya mbinu huandikwa kwengine, na karani aliyegundua tatizo hutajwa kwenye shukrani, kama hata hapo atatajwa. Ukiona jambo, liandike kwa tarehe, upeleke ukurasa mmoja kwa mwanatakwimu wa mradi, na uulize mapema nani atakuwa mwandishi. Si utovu wa adabu. Ni desturi ya kazi, na wenye heshima zao hawachukii kuulizwa.

Anza wiki hii kwa kuomba andiko la mradi wenu. Una haki ya kulisoma. Tafuta aya ya ukubwa wa sampuli, iandike upya kwa kalamu, uone kama unaipata namba yao. Usipoipata, kabla hujawalaumu, tazama kama wamesahau kufanana kwa watu wa shehia moja, au wameweka waliopotea kwa asilimia ya kubuni. Kisha hesabu kwenye daftari lako waliopotea kwa kila mwezi, uzilinganishe namba hizo na msimu wa karafuu.

Kwa baba yako, nisalimie, na mwambie hakukosea kuhusu uhakika. Kazi za utafiti ni mikataba ya ruzuku. Ruzuku ikiisha, na mkataba umekwisha. Watu wengi wa fani yetu wamepata utulivu kwa kuwa walimu wa vyuo vikuu huku wakifanya majaribio. Kwa hiyo omba ualimu, lakini uwe wa chuo kikuu, wa nafasi ya mkufunzi msaidizi wa takwimu. Nafasi hizo hutangazwa mara chache na nyingi hutaka ufaulu wa juu. Nitumie nakala ya matokeo yako pamoja na ile aya ya sampuli uliyoiandika upya, nione nikuandikie barua ya aina gani.